Samaki Wagonjwa Katika Tangi la Kioo

Mwezi huu nimependa kuandika habari za samaki wadogo wafugwao katika matangi ya kioo, na hasa habari za magonjwa yao, jinsi ya kuyatambua na jinsi ya kuyatibu. Labda mmoja wenu atasema, "Je, mwalimu amekosa la kuandika? Sisi samaki twamjua chunguni." Ni kweli, ndugu yangu. Lakini ziko shule na nyumba zenye tangi la kioo, na wako wengi waliochimba mabwawa ya perege nyuma ya nyumba zao. Magonjwa nitakayoyataja hapa hayachagui: mengi humpata samaki wa kioo na samaki wa bwawa vilevile. Tena liko jambo moja lililo kubwa kuliko samaki, nalo nitalieleza mahali pake.

Desturi ya kufuga samaki ili kuwatazama ni ya zamani. Wachina walifuga samaki wa rangi ya dhahabu karne nyingi kabla ya wazungu kuwajua. Huko Uingereza, mwaka 1850, mtu mmoja aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki, majani ya majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi pamoja, kila mmoja akimfaa mwenzake. Mwaka 1853 ilifunguliwa nyumba ya samaki katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa Mkristo mwenye bidii, akatoa kitabu juu ya matangi hayo. Tangu hapo kazi hiyo ikaenea duniani.

Nasi watu wa Ziwa Nyasa tunayo sehemu yetu katika habari hizo. Ziwa letu lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote. Wale wadogo wakaao penye miamba huitwa mbuna. Wako wa rangi ya samawati, wa manjano, na wenye milia kama punda. Watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha na kuwatazama jioni kama sisi tutazamavyo moto. Shuleni petu, karibu na ziwa, tunalo tangi la lita 200 lenye mbuna, na mengi niandikayo nimeyaona humo kwa macho yangu.

Sasa sikilizeni msingi wa mambo yote. Samaki wa ziwani akienda haja, uchafu wake huchukuliwa na maji mengi yasiyo na kiasi. Samaki wa tangini hana bahati hiyo. Hula, hulala, hupumua na kwenda haja katika chumba kimoja kisicho na mlango. Katika mashavu yake na katika uchafu wake hutoka sumu iitwayo amonia, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Ikizidi, huunguza mashavu na ngozi ya samaki. Tena katika maji kama ya Ziwa Nyasa, ambayo yana asili ya magadi kidogo, na katika maji ya joto, amonia huwa kali zaidi.

Je, mbona basi samaki wa tangini hawafi wote? Kwa sababu Mungu ameweka hata humo watumishi wadogo wasioonekana. Ni bakteria wakaao juu ya changarawe, juu ya mawe na ndani ya sifongo la chujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa, nayo huondolewa kwa kubadili maji. Lakini watumishi hao hawaji kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji majuma manne hadi sita kabla hawajatosha. Kwa hiyo mtu akinunua tangi leo na kulijaza samaki kesho, hana budi kuona misiba, hata kama maji yake yameng'aa kama machozi.

Hapa ndipo pa lile jambo nililoliahidi.

Mwaka mmoja nilikuwa nimesafiri kwenda katika mkutano wa walimu. Shuleni palitazamiwa mgeni, na watoto wa zamu wakataka tangi lao lipendeze. Wakayatoa mawe yote na changarawe yote, wakaviosha kwa sabuni, wakavianika juani, na sifongo la chujio wakalikamua mpaka likawa jeupe. Mgeni akaja, akasifu. Siku ya tatu samaki wakaanza kupanda juu, wakihema kama mtu aliyepanda mlima. Siku ya nne wakafa watano.

Basi juma lile aliyekuwa na zamu ya kuwalisha alikuwa mtoto mmoja mgeni, yatima, aliyeletwa kwa bibi yake miezi michache kabla. Watoto wakaanza kunong'ona. Wa kwanza akasema ana mkono wa mkosi. Wa pili akakumbusha kwamba kuku wa bibi yake nao walikufa mwezi uliopita. Wa tatu akayapeleka maneno nyumbani, na watu wazima, badala ya kuyazima, wakayapulizia. Niliporudi nilimkuta mtoto yule ameketi peke yake chini ya mwembe, na hakuna aliyetaka kushiriki naye dawati.

Sikuwahubiria watoto siku ile. Naliwaambia walete ndoo mbili kubwa zilizo safi, wazijaze maji ya ziwa, na mpira wa hewa tukautia katika kila ndoo. Tukawahamisha samaki kumi na mmoja waliosalia. Kabla ya jioni walikuwa wameacha kuhema, wakashuka chini na kukunjua mapezi yao. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba mtoto yule yule, na yeye peke yake, ndiye atakayewalisha majuma mawili, na kila siku atabadili nusu ya maji ya ndoo huku wenzake wakihesabu samaki na kuandika ubaoni. Siku ya kwanza kumi na mmoja. Siku ya saba kumi na mmoja. Siku ya kumi na nne kumi na mmoja. Ndipo nikawauliza, "Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?" Msichana mmoja mdogo akajibu, "Maji, mwalimu." Nikawaeleza habari za bakteria, na jinsi sabuni na jua vilivyowaua wale watumishi. Watoto wa zamu hawakuadhibiwa, maana walikuwa wamefanya kazi kwa moyo mwema, ila hawakufundishwa. Na yule yatima alipata jirani wa dawati siku ile ile.

Ndugu zangu, twasoma katika Injili ya Yohana, mlango wa 9, jinsi wanafunzi walivyomwona kipofu na mara wakatafuta mwenye dhambi, naye Bwana hakuwakubalia. Ugonjwa uingiapo nyumbani, au katika zizi, au katika tangi, moyo wa binadamu hutafuta mtu wa kumnyoshea kidole. Ni kazi rahisi, maana haihitaji kutazama. Kutafuta sababu ya kweli ni kazi ya macho na saburi. Lakini ndiyo iponyayo, tena haimwonei yatima. Basi na tutazame.

Kila asubuhi, kabla ya kulisha, simama mbele ya kioo muda wa dakika tano. Mwangalie samaki mmoja mmoja. Je, anakuja penye chakula? Mapezi yake yamekunjuka, au ameyabana mwilini? Anapumua polepole au kwa haraka? Anajisugua juu ya mawe? Rangi yake imefifia? Kinyesi chake kikoje? Yeye aliyezoea kuwaona wakiwa wazima ndiye atakayetambua upesi mmoja akibadilika. Dalili ya mvua ni mawingu.

Nikianza na sumu ya maji, ambayo si ugonjwa wa kuambukiza lakini huua wengi, alama yake ni hii: samaki wote au karibu wote huugua wakati mmoja. Huhema juu ya maji, mashavu huwa mekundu mno, na nitriti ikizidi mashavu huweza kuwa ya rangi ya kahawia. Ugonjwa wa kuambukiza kwa kawaida huanza kwa mmoja au wawili, kisha huenea. Dawa ya sumu ni kubadili robo hata nusu ya maji, kuacha kulisha siku moja au mbili, kuzidisha hewa, na kurudia kubadili maji siku zifuatazo. Maji mapya yasiwe baridi kuliko ya zamani. Yakiwa ya bomba yenye klorini, yaache katika chombo wazi usiku kucha kwanza. Nazo ziko dawa za kuondoa klorini ziuzwazo kwa wauza samaki. Changarawe na sifongo visuuze taratibu katika maji yaliyotoka tangini, wala usitumie sabuni kamwe.

Ugonjwa ujulikanao kuliko yote ni ule wa madoa meupe. Samaki huonekana kama amenyunyiziwa chembe za chumvi mwilini na mapezini, naye hujisugua juu ya mawe kwa kuwashwa. Mfaransa Fouquet alikipa kijidudu chake jina mwaka 1876, jina la Kiyunani lenye maana ya chawa wa samaki, ingawa si chawa. Ni kijidudu cha chembe moja tu. Kwetu huja mara nyingi katika miezi ya upepo wa mwera, maji yapoapo na samaki kudhoofika.

Fahamuni maisha ya kijidudu hiki, maana ndipo ilipo siri ya kukishinda. Kwanza hukaa chini ya ngozi ya juu ya samaki na kumla. Hilo ndilo doa tulionalo, na huko ndani dawa haimfikii. Akishashiba hutoka, huanguka chini penye changarawe, hujifunika kwa utando na kujigawa mara nyingi, hata wakawa mamia, pengine elfu. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Katika maji ya joto mzunguko huo wote huchukua siku chache tu. Katika maji ya baridi huchukua majuma.

Sasa mwaona kosa lifanywalo na wafugaji wengi. Hutia dawa, siku ya tatu madoa yakatoweka, wakafurahi, wakaacha. Kumbe madoa hayakufa. Yamekomaa na kuanguka chini ili kuzaa. Baada ya siku chache hurudi maradufu. Dawa huwaua wale waogeleao, ambao hatuwaoni, wala si wale tuwaonao. Kwa hiyo matibabu yaendelee siku kumi hadi kumi na nne, hata kama samaki ametakata kama sahani mpya.

Dawa iliyo karibu nasi ni chumvi. Pima gramu 40 kwa ndoo ya lita 20, yaani gramu 2 kwa kila lita ya maji ya tangi. Usiitie yote mara moja: igawe mafungu matatu, uyatie kwa muda wa siku moja na nusu, na kila fungu uliyeyushe kwanza katika kikombe. Kumbuka kwamba maji hukauka kwa joto lakini chumvi haikauki. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Ukitoa ndoo moja ya maji ya tangi, ndipo utie chumvi ya ndoo moja tu. Majani ya majini mengi hayapendi chumvi. Yatoe uyaweke katika chombo kingine. Mwenye kipasha maji na apandishe joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, hata kufika nyuzi 29 au 30, maana katika joto hilo kijidudu humaliza mzunguko wake upesi, na wengi hushindwa kuzaliana. Lakini maji ya moto hushika hewa kidogo. Kwa hiyo zidisha hewa. Kila siku ya pili nyonya uchafu wa chini kwa mpira, ndiko waliko wale waliojifunika.

Uko ugonjwa mwingine unaofanana na huo, ila badala ya chembe za chumvi utaona vumbi laini la rangi ya dhahabu au kutu. Ili kulitambua, zima taa usiku, kisha mmulike samaki kwa tochi kutoka upande. Kijidudu chake kina rangi ya kijani kama jani na hujisaidia kwa mwanga. Kwa hiyo pamoja na chumvi, lifunike tangi kwa kitambaa siku kadhaa.

Kisha kuna mambo mawili yafananayo na pamba, na hapa yatupasa kuwa waangalifu sana. La kwanza ni kuvu. Huota penye jeraha, nyuzi zake ni ndefu na laini, kama pamba iliyochambuliwa. Mbuna ni wagomvi. Hung'atana kwa ajili ya mapango yao, na penye jeraha kuvu huingia. Mtenge aliyejeruhiwa, mtie katika maji safi ya chumvi kwa kiasi kile nilichotaja, na upange mawe upya ili kila mmoja apate pa kujificha. La pili huonekana kama pamba fupi ya kijivu midomoni, au kama tandiko jeupe mgongoni, lakini si kuvu. Ni ugonjwa wa bakteria. Huenda mbio, na katika maji ya moto huweza kuua kwa siku moja au mbili. Basi angalieni: joto limsaidialo mwenye madoa meupe humwangamiza mwenye ugonjwa huu. Ukiuona, usipandishe joto. Yaache maji yapoe kidogo, badili maji, mtenge mgonjwa, na utafute ushauri wa bwana mifugo au bwana samaki juu ya dawa ya kuua bakteria. Mtu asiyejua kuyatofautisha magonjwa haya, huruma yake yenyewe huwa kisu.

Kuoza kwa mapezi ni kwepesi kutambua: mapezi na mkia huliwa pembeni kama nguo kuukuu, na ukingo wake huwa mweupe au mwekundu. Mara nyingi chanzo ni maji machafu au kung'atwa na wenziwe. Maji yakitengenezwa mapema, pezi huota tena lenyewe. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: likiliwa mpaka shinani haliponi kwa urahisi.

Tumbo kuvimba ni adui mkubwa wa mbuna, hata wafugaji wa nje wameupa ugonjwa huo jina la ziwa letu. Samaki huacha kula, au huchukua chakula na kukitema; kinyesi chake huwa cheupe kama uzi; kisha tumbo huvimba. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja, lakini chakula kisichofaa na maisha ya hofu ndivyo vitajwavyo sana. Mbuna wengi ziwani hukwangua ukoga wa kijani wa mawe mchana kutwa, na matumbo yao ni marefu kwa ajili hiyo. Mtu akiwapa nyama kila siku kwa kuwapenda, huwaua kwa upendo. Wape vyakula vya majani, kidogo kidogo, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Magamba yakishasimama kama koni ya msunobari, ni alama kwamba mwili umeshindwa kutoa maji, na wachache sana hupona.

Wa mwisho nitakaoutaja ni ule wa kukonda: samaki hukonda ingawa anakula, mgongo hupinda, vidonda vikatokea. Sababu za kukonda ni nyingi, lakini mojawapo ni kijidudu cha jamaa moja na kile cha kifua kikuu, kilichoelezwa katika samaki wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1926. Huyu humpata na mtu, kwa kupenya katika mkwaruzo wa mkono, akafanya uvimbe usiopona upesi. Kwa hiyo mwenye kidonda asitie mkono tangini, na kila mmoja anawe kwa sabuni baada ya kazi. Wala maji ya tangi yasinyonywe kwa mdomo kwa mpira, kama wengine wafanyavyo. Ujaze mpira maji kwanza, ndipo uushushe.

Juu ya dawa za dukani nina maneno machache. Usitie dawa mbili pamoja kwa kubahatisha. Usitumie vidonge vya watu vilivyobaki kabatini. Na wenye mabwawa ya perege wasikie hasa: iko dawa ya rangi ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo hutumiwa kwa samaki wa mapambo, lakini katika nchi nyingi imekatazwa kwa samaki wa kuliwa, maana hukaa katika nyama. Samaki wa chunguni asiguswe nayo.

Lakini bora kuliko dawa ni kinga. Sisi husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa samaki ni kinyume: mgeni njoo, mwenyeji augue. Magonjwa mengi huingia pamoja na samaki mpya, au na majani mapya, au na wavu ulioazimwa. Basi kila mgeni na akae katika chombo chake peke yake majuma matatu au manne, chenye wavu wake na mpira wake, na amwagiliwe macho kila siku. Akionekana mzima, ndipo aingizwe kwa wenzake. Badili robo ya maji kila juma. Usiwasonge samaki. Usilishe kwa furaha ya kuwaona wakila. Lisha kwa njaa yao.

Na samaki mgonjwa asirudishwe ziwani kamwe kwa kisingizio cha kumpa uhuru, wala maji ya tangi la wagonjwa yasimwagwe ziwani au mtoni. Yamwagwe juu ya udongo mkavu mbali na maji. Samaki asiyeweza kupona na aondolewe maumivu. Huweza kulazwa kwa mafuta ya karafuu, yale yale ambayo visiwa vya Unguja na Pemba vimejulikana kwayo: matone yatikiswe katika chupa ndogo ya maji ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, kisha yamiminwe polepole katika chombo alimo. Hulala kwanza, yakiongezwa mengi, hafumbui tena. Mwache humo kitambo baada ya mashavu kukoma kucheza, kisha umzike.

Ndugu wasomaji, labda wengi wenu hamtafuga mbuna maishani. Hata hivyo somo ni letu sote. Mithali ya Sulemani, katika mlango wa 12, humtambua mtu mwenye haki kwa jinsi amjalivyo mnyama wake. Mnyama tuliyemfunga hawezi kwenda kujitafutia maji mengine. Tumemtwalia ziwa lake, kwa hiyo ni deni letu kumpa badala yake. Samaki hana sauti ya kulia wala machozi ya kuonekana. Anayo ishara tu ya pezi, na ya pumzi, na ya rangi, na ishara hiyo humfaa yule atazamaye.

Basi mpango ni huu, na ubandikwe ukutani karibu na tangi: tazama kwanza, yapime maji na kuyatengeneza, mtenge mgonjwa, tambua ugonjwa, ndipo utie dawa moja, kwa kipimo, mpaka mwisho wa siku zake. Na katika mambo hayo yote, asitafutwe mwenye mkono wa mkosi. Naishia hapa. Mungu azibariki nyumba zenu, na mifugo yenu, mikubwa kwa midogo.